Msusi aitwe siku ya kwanza

Ukitoka Tanga mjini kwenda Muheza hukosi kuuona mkonge, mistari kwa mistari mpaka macho yachoke. Wengi wetu tumekua tukidhani umekuwepo tangu enzi za mababu. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani, na inaelezwa kwamba katika miche 1,000 iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache, kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikivuna takriban tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka na kuongoza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakageuka pori.

Mimi kazi yangu ni uhawilishaji wa teknolojia, yaani kuhakikisha kinachogunduliwa maabara kinafika kiwandani na kwa mtumiaji. Watu huniuliza kama ushirikiano wa vyuo na viwanda unawezekana kweli hapa kwetu. Huwajibu kwamba ulishawezekana, tena hapa hapa. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kilianzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya mkonge, na watafiti wake walifanya kazi bega kwa bega na wakulima wakubwa. Matunda ya kazi hiyo ni mkonge chotara namba 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 hadi 250 katika maisha yake yote. Chotara hili hutoa zaidi ya 600. China wanalilima mpaka leo. Kule Hale, wilayani Korogwe, miaka ya 2000 ukajengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi inayotokana na mabaki ya mkonge. Lilikuwa wazo zuri sana, kwa sababu kilo 100 za majani zikipita kwenye korona, ile mashine ya kuchakatia, singa kavu inayopatikana ni kama kilo 4. Kinachobaki chote kilikuwa kikimwagwa.

Kwa hiyo mtafiti na mwenye shamba walikutana zamani. Aliyekosekana mezani ni mbunifu: msusi wa singa, mchoraji, fundi wa mikoba na mazulia. Singa imeendelea kuuzwa nje ikiwa mafungu, na anayeigeuza kuwa zulia la kutandikwa sebuleni yuko ng'ambo.

Nililiona pengo hili kwa macho yangu katika banda la akina mama wasusi, nje kidogo ya Muheza. Mkemia wetu kijana alikuja na rangi, mizani na kipimajoto. Akachemsha singa kwa shabu ili rangi ishike, akazitia samawati, akazianika. Zilipokauka zilikuwa na mabaka: ncha zimekolea, katikati pamepauka. Akabadili vipimo, akaongeza moto, mabaka yakawa yaleyale. Pembeni alikaa mama mmoja wa makamo akisokota singa pajani, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye kope. Alinyoosha mkono, akachukua fungu ambalo halijatiwa rangi, akalipitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Mwanangu, hizi hazikuoshwa siku ileile. Utomvu umezikaukia. Shika hapa, zinateleza. Shika na hapa, zinakwaruza. Rangi itaingilia wapi?"

"Kweli mama," alisema kijana, naye akazipapasa.

Kesho yake tulichukua singa zilizotoka kwenye korona asubuhi ile, tukaziosha papo hapo kwa maji mengi, ndipo tukazitia rangi. Zikakolea sawasawa toka ncha hadi ncha. Tulikuwa tumepoteza siku tatu na rangi ya bei kwa sababu hatukumuuliza mtu aliyeishika singa maisha yake yote.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba msanii aitwe siku ya kwanza, wakati swali ndiyo kwanza linaulizwa. Miradi mingi humwita mwishoni, mashine ikiwa imeshafungwa, ili "apambe". Chukua mashine ya kusokota. Ya kiwanda cha kamba hutoa uzi mnene wa kufungia mizigo, ilhali msusi wa mkoba anataka mwembamba, laini, usiochubua bega. Mbunifu akiwepo wakati wa kuagiza, atataja unene anaouhitaji na mhandisi atapanga mashine kufuata hapo. Asipokuwepo, italetwa ya kamba, na ikishalipiwa nani mwenye ubavu wa kuirudisha?

Liko jambo la pili, na hili linaniuma. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alichora nakshi nzuri mno za mazulia, akazionyesha kwenye maonyesho, akashikana mikono na mfanyabiashara mmoja. Hawakuandikiana chochote. Miezi michache baadaye nakshi zake zilikuwa dukani, na yeye hakuambulia hata senti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa tangu inapotengenezwa, na kwa kawaida ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya msanii kufariki. Ila kuthibitisha kwamba kazi ni yako kunahitaji ushahidi: michoro yenye tarehe, barua, mkataba. Kwa upande wa ugunduzi wa kiufundi, kama vile njia mpya ya kulainisha singa, hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi juu ya ugunduzi wake, huombwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na hudumu miaka 10 kabla ya kuongezwa. Tahadhari hapa: ugunduzi ukionyeshwa hadharani kabla ya kuombewa hataza, unaweza kukosa sifa ya kuwa mpya. Usikimbilie maonyesho.

Mkataba wenyewe si lazima uwe kitabu. Kurasa mbili za Kiswahili kinachoeleweka zinatosha, mradi ziseme nakshi ni ya nani, mashine ni ya nani, sampuli zikiharibika nani analipa, mwanafunzi ataruhusiwa lini kuchapisha alichokipata, na kila mmoja atapata kiasi gani bidhaa ikiuzwa. Kikundi cha wasusi nacho kiwe mhusika kamili na kitie saini. Kupewa posho ya siku na kuagwa si ushirikiano.

Mahali pa kuanzia papo. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, wana ofisi mkoani Tanga, Bodi ya Mkonge makao yake makuu yako hapa hapa mjini, na Chuo Kikuu Mzumbe kimechagua Mkinga kujenga kampasi yake. Wenye viwanda nawaomba jambo moja: msimu wa mafunzo kwa vitendo ukifika, msipokee mwanafunzi mmoja mmoja na kumkalisha masjala apange mafaili. Pokeeni wawili wawili, mmoja wa uhandisi au kemia, mwingine wa sanaa, muwape tatizo moja la kweli, kama mkoba unaochuja rangi ukinyeshewa, au zulia linalonyonyoka kingo baada ya mwezi. Sisi wa upande wa vyuo tutaleta vipimo na msimamizi. Ninyi njooni na fungu la singa zenu wenyewe, na kama mna msusi mnayemtegemea, njooni naye.