Kabla ya kuuliza nani alifuta, uliza alikuwa anaona nini

Kazi yangu ni kusimamia mifumo ya kompyuta, na kijana yeyote anayejiunga na timu yetu mimi humsimulia kisa cha GitLab, kampuni yenye tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao. Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wao mmoja alikuwa akihangaika na seva ya pili ya hifadhidata iliyogoma kunakili data kutoka seva kuu. Usiku ulikuwa umekwenda na alikuwa karibu kufunga kazi. Akadhani kikwazo ni folda ya data iliyobaki kwenye ile seva ya pili, akatoa amri ya kuifuta. Amri ikatekelezwa kwenye seva kuu. Aligutuka baada ya sekunde moja au mbili akaisitisha, lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimesalia 4.5.

Ukiishia hapo jawabu ni jepesi: mzembe huyo, afukuzwe. Lakini bakapu, yaani nakala za akiba, zilikuwa wapi? Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata yao, ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo kila ilipojaribu ilishindwa. Barua pepe za kuonya nazo zilikataliwa njiani, hakuna aliyezipata. Kilichookoa jahazi ni nakala iliyochukuliwa kama saa sita kabla kwa ajili ya kazi nyingine, na aliyeichukua ni mhandisi huyohuyo! Ungemfukuza nani hapo?

Ndiyo maana nasema kumwelewa mwenzako aliyekosea ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Sidney Dekker, mtafiti wa usalama aliyechambua ajali za ndege, anashikilia kwamba alichofanya mtu kilikuwa na mantiki kwake wakati ule, kwa alichokiona, alichokijua na alichokusudia. Sisi tunaofika baadaye tumeshajua mwisho wa kisa, na mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba anayeujua mwisho huuona kama ulitabirika tangu mwanzo. Mwaka 2012 mhandisi John Allspaw, akiwa Etsy, kampuni ya soko la mtandaoni, aliandika jinsi walivyoendesha vikao vya baada ya tukio bila kulaumu: mhandisi anaeleza kila alichofanya bila kuogopa adhabu. Anayeogopa huficha, na kilichofichwa hakirekebishwi.

Katika ofisi nyingi za kwetu hili lina ugumu wake. Kijana hampingi mkubwa hadharani, na bosi akishasema "ni fulani," kikao kimekwisha hata kama watu bado wamekaa. Kwa hiyo kwenye vikao ninavyoviongoza mkubwa huzungumza mwisho. Swali la kwanza kwa aliyekuwa zamu ni "Ulikuwa unaona nini kwenye skrini?" Likiulizwa kwa sauti ya upole, mara nyingi dakika chache tu zinatosha kufichua madirisha mawili yanayofanana au onyo ambalo kila mtu ameshazoea kulipuuza.

Kuna wazo jingine ninalolipenda, la mwanafalsafa John Rawls: tungeni sheria za jamii kana kwamba hamjui kila mmoja wenu atakuwa nani ndani yake. Lijaribu kwenye timu. Andika programu kana kwamba hujui kama wewe ndiwe utakayeamshwa saa nane usiku ikianguka. Ujumbe wa hitilafu utauandika vizuri zaidi, na hutapeleka toleo jipya Ijumaa jioni kisha ukaenda zako.

GitLab walipoteza data ya takriban saa sita, wakaurusha urejeshaji moja kwa moja YouTube, na katika ripoti yao hawakumtaja mhandisi kwa jina. Miongoni mwa marekebisho waliyopanga ni kuzifanya seva zionekane tofauti kwenye skrini ya mhandisi, na kumpa mtu mmoja jukumu la kuhakikisha data iko salama.