Je, wajua juu ya nini pesa ya kampuni inaweza kupinda kampeni ya nishati hata kama kila neno ni kweli?

Hapa Goma, mashariki ya Kongo, hatukosi watu wa kutushauri mambo ya umeme. Huyu anasema acheni makala, yaani mkaa wa kupikia, chukueni umeme wa maji, yule anasema sola ndiyo mwisho wa maneno, mwingine anaapa gesi ya ziwa Kivu ingekuwa imetutoa kwenye giza zamani sana, na kuko wanaosema petroli ya chini ya hifadhi ya Virunga ichimbwe tu barabara zipatikane. Kila mmoja ana ripoti yake, ana namba zake, ana picha ya mama anapuliza mbabula, lile jiko la makala. Na sisi tunauliza: huyu nani anamlipa? Swali ni zuri sana, shida ni kwamba tukishapata jibu tunarukia kusema basi anadanganya, na mara nyingi wala hadanganyi.

Angalia kisa cha Sierra Club, shirika la mazingira la Marekani, la zamani kabisa, lilianzishwa 1892. Lilikuwa na kampeni kubwa ya kufunga mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Makaa ya mawe ni machafu kweli, moshi wake unaua watu, hapo hakuna ubishi. Lakini kati ya 2007 na 2010 shirika hilo lilipokea zaidi ya dola milioni 25, nyingi kutoka kwa Aubrey McClendon, bosi wa Chesapeake Energy, na watu wa karibu na kampuni yake. Na Chesapeake ilikuwa inauza nini? Gesi asilia. Mtambo wa makaa ukifungwa, wa kwanza kubisha hodi na mzigo wake ni muuza gesi. Kwa hiyo bwana alikuwa anawalipia watu wa mazingira wampige mshindani wake, na wao wanampiga kwa moyo safi kabisa juu walikuwa wanayachukia makaa hata kabla yeye hajatokea.

Hakuna aliyeambiwa aandike uongo. Ila wakati huohuo uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba, yaani kusukuma maji na kemikali chini mpaka jiwe liachie gesi, ulikuwa umeleta vita huko Pennsylvania na New York, na wanachama wa Sierra Club wenyewe wa majimbo hayo walikuwa wanaupinga, huku makao makuu yanaizungumzia gesi kwa upole kama daraja la kuvukia kutoka kwenye makaa. Wanachama wale hawakujua pesa inatoka wapi. Michael Brune aliposhika uongozi 2010 alikata uhusiano, na shirika linasema liliachia dola milioni 30 nyingine zilizokuwa zimeahidiwa (mtu asiseme ni kitu kidogo). Habari yenyewe ilitoka hadharani Februari 2012 kwenye jarida la Time.

Sasa mwaka 2011, kabla hata hiyo habari haijatoka, taasisi ya tajiri Michael Bloomberg, aliyekuwa meya wa New York, iliipa kampeni ileile dola milioni 50. Karibu mara mbili ya zile za gesi! Lakini ilitangazwa siku ileile, kila mtu akajua, na Bloomberg hakuwa bosi wa kampuni ya gesi inayongojea makaa yafe. Hata hivyo tusijidanganye, pesa ya wazi nayo inachagua: milioni 50 zikishaingia kwa ajili ya makaa, wafanyakazi wanaajiriwa wa makaa, wanasheria wa makaa, na yule aliyetaka kuchunguza mabwawa au uranium anaambiwa asubiri bajeti. Ndiyo maana mimi nasema pesa haina haja ya kugusa maandishi, inatosha ishike orodha ya mambo yatakayoandikwa.

Mutauliza, zile za Chesapeake zilifichwaje miaka mitatu kwenye nchi yenye sheria? Marekani shirika lisilo la faida linajaza fomu ya kodi, namba 990, na mtu yeyote anaweza kuisoma, mapato yote yako pale. Ila majina ya wanaotoa pesa nyingi yanafutwa kwenye nakala ya watu wote. Unaona kiasi, hauoni mkono.

Kuna wakati lakini mkono unagusa maandishi yenyewe, na huo unauona kwenye kontra, yaani mkataba. Willie Soon, mtafiti kwenye kituo cha utafiti wa nyota cha Harvard-Smithsonian aliyekuwa anasema jua ndilo linaleta joto duniani kuliko moshi wetu, alipata zaidi ya dola milioni 1.2 ndani ya miaka kama kumi, kutoka kampuni ya petroli ya ExxonMobil, kampuni ya umeme ya Southern Company na wengine. Karatasi zilizotoka 2015, ambazo shirika la mazingira la Greenpeace lilizipata kwa sheria ya haki ya kupata habari, zilionyesha kwamba Southern Company ilikuwa na nafasi ya kuona kazi kabla haijachapishwa, na kituo kisitaje jina lake bila ruhusa. Yeye mwenyewe, kwa wafadhili wake, aliita maandiko yake ya kisayansi kazi za kukabidhi, kama vile fundi anavyokabidhi milango.

Turudi nyumbani. Ukienda kwenye atelie (warsha) ya nishati kwenye sale ya hoteli, angalia bandarole nyuma ya meza: juu maneno makubwa, chini kabisa, pale kiti cha msimamizi kinafunika nusu, mstari wa logo. Watu wanapiga picha ya juu. Halafu mwishoni wajurnaliste wanaitwa pembeni wanapewa bahasha ya "transport", ile coupage tunayoijua wote Kongo nzima, na jioni redio inasoma komunike neno kwa neno. Hakuna uongo ndani yake. Hakuna pia swali la bei ya kilowati, wala kwa nini kartye fulani imerukwa. Simlaumu jurnaliste ambaye haoni mshahara, nalaumu sisi tunaoita ile kitu habari.

Na Virunga je? Hifadhi inasema umeme wa maji utapunguza makala yanayokatwa msituni, na ni hoja yenye maana. Hapohapo Virunga Energies, kampuni ya hifadhi yenyewe, inauza huo umeme, mtambo wa Matebe kule Rutshuru ulijengwa kwa msaada wa Howard Buffett Foundation, taasisi ya Marekani, na hifadhi inapinga petroli. Serikali nayo, iliyotangaza mnada wa bloki 27 za petroli na 3 za gesi Julai 2022 kisha ikaufuta ule wa petroli Oktoba 2024, ilikuwa na hazina yake ya kujaza. Kila upande una tumbo. Kuwa na tumbo hakufanyi hoja iwe ya uongo, inakulazimu tu utafute mtu wa tatu ambaye halishwi na yeyote kati yao, na huyo ndiye adimu.

Greenpeace inakataa pesa za serikali na za makampuni, inaishi zaidi kwa michango ya watu. Nzuri, lakini mimi naona hata hao watu wanakufunga mdomo: wachangiaji wako wakichukia nyuklia miaka hamsini, siku utafiti ukikugeuza mawazo utasema kwa sauti gani? Radio Okapi inalipwa na ONU (Umoja wa Mataifa) tangu 2002 na haifichi, msikilizaji anajua kwamba MONUSCO, ule ujumbe wa amani wa ONU hapa Kongo, ikiwa ndiyo habari yenyewe afungue sikio zaidi.

Siku ingine ukiwa kwenye atelie, mikrofoni ikikufikia, achana na "nani anawalipa", watakusomea logo tu. Uliza: utafiti huu ungeonyesha umeme wenu ni ghali kuliko makala, mungeutoa? Wote watasema ndiyo. Hapo waombe wakuonyeshe utafiti mmoja wa namna hiyo waliowahi kuutoa.