Paro haitambui huzuni ya mgonjwa

Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini) iliyobuniwa Japani na Takanori Shibata, hutumika kuwatuliza wazee waliopoteza kumbukumbu. Wengi wanaamini inajua mzee anapohuzunika. Haijui.

Chini ya manyoya yake meupe mna vihisio vya mguso, mwanga, sauti, joto na mkao. Ukiipapasa, hurudia ilichokuwa ikifanya kabla ya kupapaswa. Ukiipiga, hujizuia kukirudia. Kihisio cha mwanga hutofautisha giza na nuru, si machozi.

Hata Pepper, roboti yenye kamera iliyotangazwa mwaka 2014 kuwa inasoma hisia, hukisia tu. Programu za aina hiyo huutafuta uso, hupima nyusi, macho na pembe za mdomo, kisha hulinganisha vipimo na picha ambazo watu walizibandika majina: furaha, hasira, hofu. Kosa linaanzia hapo kwenye majina. Uchambuzi wa tafiti ulioongozwa na mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett mwaka 2019 ulionyesha kuwa watu wenye hasira hukunja uso takriban asilimia 30 tu ya nyakati. Na aliyekunja uso huenda anawaza, au jua linampiga machoni. Mgonjwa wa Parkinson, ambaye misuli ya uso imekakamaa, anaweza kusomwa kuwa amenuna huku moyoni amefurahi.

Mzee akitulia, ni kwa kushika, kupapasa na kuzungumza. Basi mhudumu asimwachie roboti akaondoka. Amwekee mapajani bila kumlazimisha, azungumze naye, na mzee akifadhaika aiondoe mara moja.