Namba za mzigo kwenye klasta, tunayoaminishana na yalivyo kweli

Wadau, naongelea Grid Engine, programu inayogawa kazi za watu kwenye nodi (kompyuta) za klasta, juu ya Linux maana ndo ninayoshinda nayo, na haya nayasikia kila akija admini mpya.

"Mzigo (load average) ukipanda ujue prosesa zimeelemewa." Hapana jamani. Linux inahesabu programu zinazokimbia, zinazosubiri zamu ya kori, na pia zile zilizoganda zikingoja diski au NFS (mafaili yanayosomwa kwa mtandao), zote zinamwagwa kwenye namba moja. Nilishakuta nodi ya kori 16 inasoma mzigo 90 na kori zimelala kabisa, kumbe seva ya mafaili ndo imekwama, na watu walishaanza kuua kazi za wenzao wakidhani ndo zinakula mashine, kazi za siku tatu zikaenda na maji. Iliniuma sana. Kabla hujaua kazi ya mtu fungua top uangalie kama kuna herufi D, yaani programu imeganda ikingoja diski au NFS.

"Mzigo 20 ni hatari." Kori ngapi? Kwenye kori 64 hiyo nodi imepumzika, ndo maana kuna np_load_avg, mzigo uliogawanywa kwa idadi ya prosesa, na foleni ya kawaida haipokei kazi mpya ikipita 1.75.

"RAM iliyobaki ni ile ya safu ya free." Angalia MemAvailable kwenye /proc/meminfo, ipo tangu kerneli 3.14 ya mwaka 2014, maana Linux inatumia RAM isiyo na kazi kutunzia mafaili na kuiachia ikihitajika.

"Nikitaka Grid Engine ipime kitu changu naandika skripti yenye sleep ya dakika moja, basi." Hapa wengi wanakwama. Skripti haijipangii muda, execd, programu ya Grid Engine inayokaa kwenye kila nodi, ndo inaiuliza, kwa kawaida kila sekunde 40, inaitumia mstari mtupu na skripti inajibu begin, halafu nodi:jina:thamani mstari kwa mstari, halafu end, kisha inangoja tena mpaka iulizwe au iambiwe quit. Ukiweka sleep yako humo, au ukaita df (amri ya kuangalia nafasi ya diski) kwenye NFS iliyoganda, namba unayoiona ni ya zamani. Na skedula, inayoamua kazi iende nodi gani, haijui hilo jina ni nini mpaka ulitangaze kwa qconf -mc na uelekeze skripti kwa qconf -mconf, tena hata hapo haitalifanyia kitu kama hujaliweka kwenye load_thresholds (mipaka ya mzigo) ya foleni na watu hawaliombi kwa qsub -l wanapotuma kazi.

"Nikipima nafasi ya scratch (diski ya muda ya nodi) haitajaa." Hii ndo inayotuumiza zaidi. Kipimo kinasema kilichopo sasa hivi, hakijui kazi itakula kiasi gani baadaye. Nodi ina GB 500, zinaingia kazi tano kwa mpigo, kila moja itaandika GB 200, na zote zimeiona ile 500, usiku wa manane diski imejaa zimekufa zote. Kwa hiyo kwenye qconf -mc, mstari wa hiyo scratch, safu ya consumable weka YES, taja kiasi kwenye complex_values za nodi, kila kazi ikiomba inakatwa kama salio la simu. Skripti yako usiitupe, skedula inachukua iliyo ndogo kati ya salio na kipimo, hivyo mafaili yaliyoachwa na kazi za zamani bado yanaonekana. Ila kazi isiyoomba haikatwi kitu na itaandika tu inavyotaka, kwa hiyo safu ya requestable weka FORCED, yaani lazima kazi iombe.