Uyoga, mnanaha na "utafiti wa wazungu": mnayoniambia kliniki na ukweli wake

"Daktari, mbona Ulaya wameshathibitisha?"

Swali hili siku hizi linaingia chumbani kwangu karibu kila wiki. Mwenye nalo mara nyingi ni kijana wa chuo, simu mkononi, video imeshafunguliwa ili nitazame. Hajalala vizuri kwa muda mrefu, vidonge vya sonona nilivyomwandikia ameviacha kimyakimya, na sasa anaulizia uyoga. Uyoga upi? "Ule unaotibu, daktari." Nafanya kazi ya afya ya akili hapa Mbeya. Wagonjwa wangu wanatoka Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu, wengine wanapanda basi kutoka Makambako, na nimechoka kulijibu jambo hili kwa mtu mmojammoja. Acha niliandike.

Dhana: "Utafiti umethibitisha uyoga unatibu sonona, kwa hiyo nikila mwenyewe nitapona."

Utafiti upo, hilo sibishani na mtu. Mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, alitengeneza LSD, dawa inayoleta maruweruwe, mwaka 1938 kutokana na kuvu inayoshambulia nafaka, na Aprili 1943 ikamwingia mwilini kwa bahati mbaya ndipo akajua inafanya nini kichwani. Mwaka 1958 huyohuyo aliripoti kuitenga silosibini, kiini cha uyoga ambao wenyeji wa Mexico walikuwa wakiutumia katika ibada zao tangu kale. Miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa akili wa Ulaya na Marekani walizijaribu dawa hizi kwa wagonjwa wengi. Baadaye zikazagaa mitaani, sheria zikakaza, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 ukaziweka kwenye kundi lenye udhibiti mkali kuliko yote. Utafiti ukalala usingizi mrefu. Waliouamsha ni watu kama Roland Griffiths wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, kwa kazi yake ya mwaka 2006, na baadaye Robin Carhart-Harris na wenzake pale Imperial College London.

Sasa tuje kwenye hilo neno "wamethibitisha". Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lenye watu 233 wenye sonona iliyoshindwa kusikia dawa za kawaida. Walipewa silosibini mara moja tu: kundi moja miligramu 25, jingine 10, jingine 1, ambayo ni kama kutokupewa kitu. Baada ya wiki tatu, waliopata 25 walishuka pointi 12 kwenye kipimo cha sonona chenye pointi 60. Waliopata 1 walishuka pointi 5.4. Tofauti ipo na inaeleweka. Lakini katika hao wa miligramu 25, waliopata nafuu ya maana, yaani alama kushuka nusu au zaidi, walikuwa asilimia 37, na waliobaki na nafuu hiyo hadi wiki ya 12 walikuwa asilimia 20. Mmoja kati ya watano, baada ya miezi mitatu. Hilo kwenye video yako halipo, nimeitazama hadi mwisho. Halafu zaidi ya robo tatu ya washiriki walipata maudhi ya dawa, mengi yakiwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, na katika makundi yote matatu wapo waliopata mawazo ya kujiua au kujidhuru.

Mwaka mmoja kabla, kule London, waliishindanisha silosibini na esitalopramu, kidonge cha kawaida cha sonona, kwa watu 59. Wiki sita zilipoisha, kipimo kikuu cha utafiti hakikuonyesha tofauti ya kutosha kati ya makundi mawili. Esitalopramu ni ndugu wa fluoksetini, hiyohiyo uliyoiacha kabatini kwa sababu "haifanyi kazi".

Kuna tatizo jingine ambalo watafiti wenyewe wanalikiri kila mara. Kwenye jaribio la dawa, mgonjwa hatakiwi kujua kama amepewa dawa au kidonge bandia. Lakini mtu aliyemeza silosibini ya kutosha anajua, na ukuta ulioanza kupumua mbele yake unamhakikishia. Akishajua, matumaini yake nayo yanaingia kwenye alama. Na aliyepewa bandia anajua vilevile kwamba amekosa, anavunjika moyo. Kwa hiyo hata zile pointi hatujui ni ngapi za dawa na ngapi za matumaini. Wale wanaomeza vipande vidogovidogo kila baada ya siku kadhaa "kuchangamsha ubongo" walipimwa pia: mwaka 2021 watafiti wa Imperial walichapisha kazi yenye washiriki 191, waliojitengenezea wenyewe vidonge vya kweli na vya bandia wasijue wanameza kipi. Makundi yote yalijisikia vizuri zaidi, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno.

Hayo yote ningeyavumilia. Kinachonikera ni kipande ambacho hakisimuliwi kabisa: namna dawa yenyewe inavyotolewa. Mshiriki anachujwa kwanza. Aliyewahi kuugua saikosisi, yaani akili kupoteza uhalisia, haingii, na aliye na mzazi au ndugu wa damu mwenye skizofrenia au baipola kwa kawaida haingii. Anapimwa moyo na shinikizo la damu. Kama alikuwa kwenye vidonge vya sonona anapunguziwa polepole chini ya daktari. Anakaa na mtaalamu siku kadhaa kabla, wanazoeana. Siku yenyewe analala kitandani, macho yamefunikwa, muziki umechaguliwa, na wahudumu waliofundishwa wanakaa naye saa sita au zaidi, hata akilia, hata akiogopa. Baadaye anarudi kuzungumza aliyoyaona. Na anachomeza ni kidonge kilichotengenezwa maabara, miligramu zinajulikana, hakuna uyoga wowote uliochumwa. Kusema uyoga ndio uliomponya ni sawa na kusema kisu ndicho kilichotoa kidole tumbo, ukamsahau mpasuaji, nusu kaputi na nesi wa wodini.

Wewe una nini? Una chumba cha kupanga, rafiki aliyelewa kuliko wewe, na mjomba aliyewahi kulazwa Mirembe, hospitali ya akili, ambaye nyumbani hamumtaji. Huyo mjomba ndiye ninayemuulizia kwanza, na ndiye mnayemficha. Narudia, maana hapa ndipo ninapopoteza vijana: kama kwenye ukoo kuna skizofrenia au baipola, mambo haya yote si yako, hata kama siku moja yataruhusiwa dukani. Na kama unatumia lithiamu, dawa ya baipola, kuna taarifa za watu waliopata degedege baada ya kuichanganya na LSD au silosibini.

Kuhusu uyoga wenyewe. Akina mama wa Iringa na Mafinga wanaochuma uyoga msimu wa mvua wanaujua wao, na walifundishwa na mama zao. Wanachuma wa kula. Hakuna hata mmoja atakayekuelekeza "ule unaotibu", na ukimsumbua atakufukuza, nitamuunga mkono. Ule mwekundu wenye madoa meupe unaouona kwenye picha huota chini ya misonobari na hauna silosibini kabisa. Una sumu nyingine, muskimoli na asidi ya iboteniki. Na ipo jamii ya uyoga inayoua ini: unakula leo, saa sita hadi ishirini na nne baadaye ndipo unaanza kutapika na kuharisha, siku ya pili unajiona umepona, siku ya tatu macho yanageuka manjano. Kwa hiyo ile hoja ya "nilikula nikaona niko poa" usiniletee kabla siku nne hazijapita.

Na ni wapi wameruhusu? Australia, tangu Julai 2023, daktari bingwa wa akili mwenye kibali maalumu anaweza kumwandikia silosibini mgonjwa wa sonona sugu. Marekani, Agosti 2024, mamlaka ya dawa ilikataa kuidhinisha MDMA, dawa nyingine ya kulevya iliyokuwa ikijaribiwa, kwa watu wenye majeraha ya kiakili, ikataka ushahidi zaidi. Hadi mwaka 2024, huko ndiko kwenye "kuthibitisha" kulikofika. Hapa Tanzania vyote hivi viko chini ya sheria ya dawa za kulevya, na polisi hawatatazama video yako.

Dhana: "Mnanaha nao unaonyesha vitu, ni kitu kilekile, tena wa bure."

Si kitu kilekile hata kidogo. Silosibini na LSD hugusa vipokezi vya serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, hasa kile kiitwacho 5-HT2A. Mnanaha, ule wa majalalani na pembezoni mwa mashamba wenye tunda la miiba, una atropini na skopolamini, ambazo hufunga njia ya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, mwili mzima. Jamaa zake ni yale maua marefu yanayoning'inia kichwa chini, ambayo watu hupanda uani kama pambo. Aliyekunywa silosibini kwa kawaida anajua kwamba anaona maruweruwe. Aliyekula mbegu za mnanaha hajui: anaongea na mtu asiyekuwepo, anakunja shuka, anavuta uzi ambao haupo, anatembea kuelekea barabarani. Mboni zimepanuka, mdomo umekauka, ngozi ya moto, mkojo umegoma, moyo unakimbia. Hakuna jaribio la maana la kutibu sonona kwa mnanaha na sitarajii kuliona.

Kama mnadhani natisha, mwaka 2019 Karamoja, Uganda, unga wa lishe wa msaada uliingiwa na mbegu za mmea huu. Watu wapatao 300 waliugua na watano wakafa. Wale hawakutafuta starehe, walikula uji.

Mgonjwa wa namna hii huletwa kwetu amefungwa kamba na kifua kimelowa maziwa. Naomba tuelewane kuhusu maziwa. Hayaondoi sumu ya mnanaha, wala ya uyoga, wala ya kidonge chochote cha kulevya. Mtu asiyejitambua ukimmiminia maziwa, yanaingia kwenye mapafu, na sasa nina wagonjwa wawili ndani ya mmoja. Mlaze ubavu, mtoe kwenye joto, mlete. Na lete alichokula: mbegu, jani, kipande cha uyoga, hata matapishi kwenye mfuko wa nailoni. Wauguzi wananicheka kwa kupenda mifuko ya matapishi, lakini mfuko mmoja unaniokolea saa nzima ya kubahatisha.

Dhana: "Bangi ni mmea wetu wa asili, haiwezi kuleta ukichaa."

Bangi haimo kwenye kundi la LSD na silosibini, inafanya kazi kwa vipokezi vingine. Ila utafiti uliofanyika miji kadhaa ya Ulaya na Brazil, ukachapishwa 2019, ulikuta kwamba wanaovuta kila siku bangi kali uwezekano wao wa kupata saikosisi ulikuwa karibu mara tano ya wasiovuta kabisa. "Babu yangu alivuta akafika miaka tisini." Hongera kwa babu.

Dhana: "LSD na uyoga ni uraibu kama heroini."

Hii huletwa na wazazi na wachungaji, na wanashangaa ninapowapinga. Hazina ule uraibu wa mwili. Ukirudia kesho yake dozi ileile karibu haifanyi kitu, ubongo umeshaizoea, na ukiacha hutetemeki wala huna arosto. Hatari yake ni saikosisi kwa mwenye mwelekeo, ajali wakati akili haipo, na kwa wachache, macho kuendelea kuona mabaki ya maruweruwe miezi kadhaa baadaye. Mkimdanganya kijana kuhusu uraibu, akaja kugundua, hatawaamini tena hata kwenye lililo kweli.

Dhana: "Hospitali zenyewe zinatumia ketamini, kwa nini sisi tukatazwe?"

Tunaitumia, kwa nusu kaputi, na mgonjwa akizinduka anaweza kudai dari lilikuwa linaogelea. Ndiyo maana pembeni yake kuna mtu anayehesabu pumzi zake.

Dhana: "Mpime mkojo tu daktari, utajua alichotumia."

Kile kipimo cha haraka cha mkojo huangalia bangi, jamii ya heroini, kokeini, amfetamini na dawa za usingizi kama diazepamu. LSD hakioni. Silosibini hakioni. Mnanaha hakioni. Mzazi akishikiwa karatasi ya "hasi" anatoka anamshukuru Mungu, kijana anaingia kwenye daladala naye, wote wanaenda nyumbani na tatizo lao. Ndiyo sababu huwa namwomba mzazi atoke nje ya mlango dakika kumi, hata akinuna, na ninamuuliza kijana mwenyewe.