Hao watafiti wa mahame hawatafuti rupia ya Mjerumani

Ndugu wananchi wa Tabora na Kigoma, malalamiko yamezidi msimu huu. Timu zetu za utafiti wa mahame, yani makazi ya zamani yaliyoachwa, zikiingia kijijini tu na GPS na jembe maneno yanaanza, hawa wamekuja kupanua hifadhi, wengine wanasema hapana hawa wana ramani ya mali za Mjerumani, na kuna sehemu vijana wamefukua shimo letu usiku wakashuka nalo hadi kimo cha mtu wakitafuta sanduku la rupia. Jamani. Lile shimo ni la mita moja hivi, tunaangalia matabaka ya udongo. Ukikuta juu udongo mweusi wenye majivu, vigae vya vyungu na vijifupa vya mbuzi, ujue hapo palikuwa uani kwa mtu, na chini yake ndo unakuta ule mchanga mwekundu wa miombo tunaoujua wote. Tunafunga udongo kidogo kwenye nailoni, tunaandika namba, tunafukia. Hiyo nailoni huwezi kumuuzia mtu yeyote.

Tunachotafiti ni kwamba pori mnaloliita la asili, mengi yake sio la asili. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ya miaka ya 1890 ilifyeka mifugo, vichaka vikakosa wa kuvila vikaanza kusogea. Halafu Mwingereza, baada ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kuonekana kule Maswa mwaka 1922, akaja na dawa yake: watu waliotawanyika porini Unyamwezi na Buha wahamishwe, wakusanywe makazi ya pamoja wafyeke eneo kubwa ili mbung'o akose kivuli. Ndani ya makazi ilisaidia, hilo tusilikatae. Ila nyuma yao mashamba yakabaki bila jembe, njia zikafungwa, na mbung'o akaingia pale pale ambapo watu walikuwa wamemzuia miaka yote kwa kulima na kuchoma majani, yani kumkimbia kukamwongezea eneo. Baadaye mapori ya namna hiyo yaliyoonekana hayana mtu yakaja kuchorewa mipaka ya hifadhi. Hapa nieleweke, sisemi hifadhi fulani ilikosewa na sizungumzii shauri lolote lililoko mahakamani, hiyo sio kazi ya kitengo chetu.

Urambo nako kuna yake. Mwaka 1947 ulikuja mradi wa karanga, buldoza na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta vikang'oa miombo, na mwaka 1951 mradi ukafa umekula mamilioni ya pauni. Ardhi iliyosafishwa ikaingizwa tumbaku, na mabani ya kukaushia tumbaku mnayajua yanavyokula kuni. Kwa hiyo anayesimama kwenye mkutano akasema miti imekwisha kwa sababu ya wafugaji waliokuja juzi, huyo anaanzia hadithi katikati.

Sasa mahame. Wengi wakiona miembe imejipanga mstari au uzio wa minyaa katikati ya pori, au huku Kigoma michikichi mizee bondeni isiyo na mwenyewe, wanasema hapo ni kwa babu walitolewa na wakoloni. Inawezekana, lakini inawezekana pia babu alitolewa na Operesheni Vijiji ya miaka ya 70, na mwembe hausemi ni ipi. Ndo maana tunalinganisha ramani za zamani, picha za ndege na maneno ya wazee, na wazee tunawahitaji kuliko hata hizo ramani.

Taratibu. Mtafiti lazima awe na kibali cha COSTECH, yani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hakitoshi peke yake, anapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anapewa barua ya wilaya, kisha halmashauri, kata, halafu anafika kwa mtendaji wa kijiji anasaini kitabu cha wageni na barua inagongwa muhuri. Akiingia msitu wa hifadhi anahitaji na kibali cha TFS, wakala wa misitu, kwenye wanyamapori anapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Asiye na karatasi hizo mpelekeni kwa mtendaji, msimpige. Na zile alama za zege za wapimaji huko vilimani msizichimbe, sio alama za hazina, kuziharibu ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi na unaweza kushtakiwa hata kama hukupata kitu. Na hamtapata kitu.

Lingine nimelieleza mpaka nimechoka: ramani ya mkoloni yenye jina la ukoo wako sio hati. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, mgogoro unaanzia baraza la ardhi la kijiji, na ripoti yetu haimgawii mtu ekari hata moja wala haimnyang'anyi.

Wenye karatasi za wazee, stakabadhi za kodi ya kichwa, barua za mtemi, vibali vya kuhama, tunaomba mtuonyeshe. Tunapiga picha hapo hapo mbele yako na unabaki nayo mwenyewe. Ila tafadhali msiipeleke steshenari ikapigwe lamineshi, ule moto unaweza kufuta wino, na karatasi ikishagandishwa na plastiki huibandui tena. Iweke kwenye bahasha kavu, mbali na moshi wa jikoni na mchwa.