Mifumo Miwili Katika Laptopu Moja: Kwanza Izime Windows Ikazimika

Tangu Microsoft ilipokomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wengi wanaoniletea laptopu zao za mtumba hapa Kisumu huniuliza swali lile lile: je, inawezekana kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure, bila kuipoteza Windows, ambayo ndiyo yenye programu ya hesabu za biashara? Inawezekana, na kuiweka Linux yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Ugumu uko katika kuiandaa Windows, na hapo ndipo watu huruka hatua.

Mimi mwenyewe niliiruka. Niliweka Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, katika laptopu yangu, nikazima Windows kama kawaida, kisha nikiwa ndani ya Linux nikalazimisha sehemu ya diski ya Windows ifunguke ili ninakili ankara za wateja. Niliporudi Windows, baadhi ya ankara hazikuwepo na nyingine hazikufunguka. Sababu ni kwamba Windows 10 na 11, zikiachwa zilivyotoka kiwandani, hazizimiki kikamilifu mtu anapobonyeza kitufe cha kuzima: huhifadhi kiini cha mfumo katika faili moja kubwa ili ziwake upesi asubuhi. Kiini hicho hubaki na kumbukumbu ya diski ilivyokuwa jana. Linux ikiandika kitu hapo katikati, Windows huamka na kumbukumbu yake ya zamani na kuandika juu ya mabadiliko ambayo haikuyashuhudia. Ndiyo maana Linux, isipolazimishwa, hukubali kuisoma sehemu hiyo tu na hukataa kuiandikia; kukataa huko ni hekima, si hitilafu. Dawa ni kufungua dirisha la amri kama msimamizi wa kompyuta na kuandika powercfg /h off, amri inayoondoa mtindo huo pamoja na faili yake, ambayo mara nyingi hula gigabaiti kadhaa.

Jambo la pili ni BitLocker, kifuli cha Windows cha kulinda diski. Laptopu nyingi zenye Windows 11 husimba diski kwa njia fiche bila mwenyewe kufahamu, hasa akiwa ameingia kwa akaunti ya Microsoft, na ukibadilisha mipangilio ya uwashaji mfumo unaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kukufungulia chochote. Utafute ufunguo huo katika akaunti yako na uuandike kwenye karatasi kabla ya kugusa jambo lolote jingine. Mteja asiyejua hata barua pepe iliyotumiwa kufungua akaunti hiyo, nami humkuta mara kwa mara, mimi humrudisha nyumbani aitafute kwanza.

Baada ya hapo, weka nakala ya faili zako kwenye diski ya nje, kisha upunguze sehemu ya Windows kwa kutumia kifaa cha Windows chenyewe cha kusimamia diski. Ubuntu hutosheka na gigabaiti 25, ingawa mimi huacha 60. Hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa, kwa sababu umeme ukipotea katikati ya kazi hii kwenye kompyuta isiyo na betri, unaweza kupoteza diski nzima.

Kabla ya kuwasha kwa flashi yenye Linux, andika msinfo32 katika Windows na usome mstari wa hali ya BIOS (BIOS Mode), yaani njia ambayo kompyuta hutumia kuuwasha mfumo: UEFI, iliyo mpya, au Legacy, ya zamani. Ikiwa Windows iliwekwa kwa UEFI, flashi nayo iwashwe kwa UEFI; mifumo miwili iliyowekwa kwa njia tofauti haitaonana kwenye menyu ya kuchagua mfumo. Windows itangulie kuwekwa, Linux ifuate. Sasisho kubwa la Windows likiirudisha Windows mbele ya foleni ya uwashaji na menyu ya Linux ikatoweka, kwa kawaida hakuna kilichofutika: ingia katika mipangilio ya UEFI na urudishe Linux juu.

Kisha kuna saa, ambayo imewafanya wateja wangu kadhaa waje wakitaka kununua betri mpya ya bodi kuu, ile ndogo inayotunza saa ya kompyuta. Windows huandika saa ya hapa nyumbani kwenye bodi, ilhali Linux huandika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo ukitoka Linux saa tisa alasiri, Windows inaweza kukuambia ni saa sita mchana. (Tofauti ya saa za Kiswahili na za Kizungu ni sita, kwa hivyo hiyo isisingiziwe.) Ukiwa Linux, andika sudo timedatectl set-local-rtc 1, ili nayo itumie saa ya hapa nyumbani kwenye bodi. Wataalamu wa nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka huipinga amri hii, na wana haki, lakini Kenya haibadilishi saa zake, hivyo tatizo wanalolihofia halitufikii.